Nyumba ya Tippu Tip na Maghorofa ya Kitengela: Paa Ni la Nani?

Mada iliyowasilishwa katika semina ya wenye nyumba, mafundi na wapangaji, Kitengela, Kaunti ya Kajiado



Nimeombwa nizungumzie historia na usanifu wa majumba ya kale ya mjini yanayokaliwa na familia nyingi. Maghorofa yetu ni machanga mno kwa kazi hiyo. Kitengela ya leo ilianza kuchomoza baada ya ranchi ya kikundi kugawanywa mwaka 1988, na viwanda vya EPZ (eneo la kuzalisha bidhaa za kuuzwa nje) vilivyofuata hapo Athi River vikaleta maelfu ya wafanyakazi waliohitaji vyumba vya karibu. Basi nitawavusha hadi Shangani, katika Mji Mkongwe wa Unguja, kwenye nyumba ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip.

Mwenye nyumba huyo alijitajirisha kwa pembe na watumwa, akitawala njia za misafara hadi ndani ya Kongo. Alirejea Unguja mwanzoni mwa miaka ya 1890, akafia huko mwaka 1905. Mlango wa nyumba yake ni miongoni mwa milango ya nakshi inayosifiwa zaidi katika Mji Mkongwe, na ngazi za mbele ni za marumaru nyeusi na nyeupe. Wageni husimama hapo wakapiga picha. Ni haki yao, lakini gharama ya mlango ule ililipwa na watu waliobeba pembe begani kutoka bara, wengine wao wakiwa wenyewe ni bidhaa.

Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, majumba mengi ya Mji Mkongwe yalichukuliwa na serikali. Familia kutoka Ng'ambo (upande wa pili wa mji), mashamba na Pemba zikaingia. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya bwana mmoja, jamaa zake na watumishi wake ikawa na majiko kadhaa, na kila mlango wa chumba ukawa mlango wa nyumba ya mtu. Nyumba ya Tippu Tip nayo iliishi hivyo kwa miongo kadhaa.

Hapa naomba mafundi wanisikilize kwa makini. Kuta za majumba yale ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na unene wake mara nyingi hufika nusu mita au zaidi. Dari hubebwa na boriti za mikoko. Mti wa mkoko hautoi boriti ndefu, kwa hiyo upana wa chumba hauzidi sana mita tatu. Mwenye mali akitaka ukumbi mkubwa huurefusha tu. Ndiyo maana vyumba vya Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba, na ndiyo maana vilikuwa rahisi kukatwakatwa kwa mbao na mapazia wapangaji walipoongezeka.

Ukuta wa chokaa hunyonya unyevu na kuutoa tena. Fundi akija na saruji akaupiga plasta mpya, ukuta hupendeza kwa muda, kisha maji hubaki ndani yakatafuta njia. Njia yake huwa ni ncha za boriti, zile zilizozama ukutani ambako hakuna anayeziona. Ongeza bafu lililowekwa ghorofa ya juu ambako hapakujengwa kuchukua maji, ongeza tangi juu ya paa na mfereji uliozibwa na majani. Boriti huoza kimyakimya mpaka siku dari inaposhuka.

Wako wanaosema wapangaji ndio walioharibu Mji Mkongwe. Sikubaliani nao. Mpangaji alifagia chumba chake na kupaka rangi ukuta wake. Kodi ya pango iliyotozwa na serikali ilikuwa ndogo, haikutosha kutengeneza kitu, na paa, ngazi na mifereji havikuwa chumba cha mtu. Zamani nyumba nyingi za huko zilikuwa wakfu, na msimamizi alitakiwa kutumia sehemu ya mapato kuzikarabati. Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, wakati nyumba nyingi zilikuwa zimekwisha kuanguka. Tena kukosa wapangaji si kinga: Beit al-Ajaib, kasri aliyoijenga Sultani Barghash mwaka 1883, haikuwa na familia ndani, na bado sehemu yake ilianguka tarehe 25 Desemba 2020 ikaua watu wawili.

Mfano wa pili ni jumba la mfanyabiashara Tharia Topan karibu na bandari, lililowekewa jiwe la msingi mwaka 1887, lenye roshani za mbao zilizochongwa na vioo vya rangi. Liliwahi kuwa na zahanati chini na makazi juu. Lilichakaa, kisha likafufuliwa na taasisi ya Aga Khan katika miaka ya 1990. Kazi ilifanywa vizuri sana, ila hakuna tena anayechemsha chai asubuhi kwenye roshani zile.

Turudi kwetu. Kitengela nakshi huishia kwenye geti. Ndani, ngazi ni za giza na tangi la juu linavuja kwenye ukuta wa mpangaji wa mwisho. Sheria ya Kenya ya mwaka 2020 kuhusu majengo yanayomilikiwa kwa sehemu inawapa walionunua nyumba katika ghorofa moja chombo cha kusimamia na kugharamia sehemu za pamoja. Ghorofa la vyumba vya kupanga lenye landilodi mmoja anayeishi Nairobi halimo humo.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili. Mkataba wa upangaji utaje sehemu ya kodi itakayotengwa kwa paa, ngazi na mabomba, na hesabu yake ibandikwe mlangoni kila baada ya miezi mitatu. La pili ni la mapambo, na najua wengine watacheka. Katika kaunti hii hii, karakana za Kitengela Glass, kazi iliyoanzishwa na Nani Croze, zinatengeneza vioo vya rangi, vingine kutokana na vioo chakavu. Dirisha moja la namna hiyo kwenye kila ngazi litaingiza mwanga mahali ambapo sasa watoto wanapapasa ukuta wakishuka kwenda shule, na taa ya mchana haitahitajika.