Ardhi ya Umma, Nyumba za Watu

Leo tunazungumzia ardhi ya umma iliyokaa bure mijini: kota chakavu, yadi zisizotumika, viwanja vilivyoota majani.

Tazama Magomeni Kota, Dar es Salaam. Nyumba kongwe zilibomolewa, familia 644 zikatawanyika kutafuta pa kupanga, na eneo likabaki wazi kwa miaka. Mwaka 2016 Rais Magufuli aliahidi kwamba wakazi hao watarudi. Wakala wa Majengo, TBA, ukajenga maghorofa, na Machi 2022 Rais Samia akayazindua kwa ajili ya familia hizo.

Mahali penyewe ndiyo faida kubwa. Mabasi ya mwendokasi yanapita jirani, soko la Kariakoo si mbali. Mama lishe halazimiki kuamka saa tisa usiku kuwahi daladala. Tena kiwanja kikiwa cha serikali, gharama ya kununua ardhi haimwangukii mpangaji. Lakini ahadi ya kurudi iandikwe kabla tingatinga halijafika. Familia za Magomeni zilisubiri mno.

Ukisikia kiwanja cha umma mtaani kwenu kinataka kuuzwa, nenda kwenye mkutano wa mtaa, uliza: kwa nini zisijengwe nyumba?