Paking Nayo ni Siasa
(Niliyoyasema kwenye mkutano wa jumuiya yetu, Sydney)

 

Najua mmekuja kuzungumza siasa za nyumbani. Naomba dakika chache tuzungumze siasa za hapa hapa tunapolala: paking ya gari.

Nilipanga fleti Auburn. Wakala akanionyesha nafasi ya gari chini ya jengo, akasema, "Hii ni yako." Nikasaini. Baada ya miezi mitano ikaja barua: paking ni dola 40 kwa wiki, mbali na kodi, la sivyo niondoe gari. Mimi nafanya kazi zamu ya usiku, bila gari sina kazi. Nikafungua mkataba. Paking haikutajwa popote! Nikalipa kimya kimya, nikaona aibu hata kuwaambia.

Jifunzeni kwangu. Fomu rasmi ya mkataba wa kupanga hapa New South Wales ina mstari wa kuandika nyumba inakuja na nini, na paking imetolewa kama mfano. Hakikisheni mstari huo umejazwa kabla ya kusaini. Ukijazwa, paking ni sehemu ya nyumba uliyopanga. Mwenye nyumba akikunyang'anya, Sheria ya Upangaji ya mwaka 2010 inakuruhusu kwenda baraza la NCAT kuomba kodi ipunguzwe, ila uende kabla hujahama.

Na msitegemee barabara. City of Sydney, kwa mfano, hainyimi vibali vya kuegesha kwa bahati mbaya; majengo mengi mapya hayaruhusiwi kabisa.

Kuna atakayesema, "Ukidai utafukuzwa." Zamani hofu hiyo ilikuwa na msingi. Lakini tangu Mei 19, 2025, mwenye nyumba wa jimbo hili hawezi kukutoa bila sababu inayotambuliwa na sheria. Kodi nayo haipandishwi zaidi ya mara moja kwa miezi 12, tena kwa barua ya siku 60 kabla.

Ndugu zangu, mwaka 2007 mkataba wa Buzwagi ulipozua moto bungeni Dodoma, sote tulipiga kelele: mikataba isomwe! Tulikuwa sahihi. Lakini ya kwetu wenyewe tunasaini juu ya boneti la gari, bila kusoma. Tutamdai nani uwazi?

Naomba kuwasilisha.