Injini Kuukuu ya Mashine ya Kumenya Kahawa: Uliza Kabla ya Kununua

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Mbozi)



Katika nyanda za Mbozi kahawa huchumwa wakati wa kiangazi, aghalabu tangu Mei hadi Septemba. Tunda jekundu lililochumwa mchana sharti limenywe siku ile ile. Likilala guniani hupata joto na kuanza kuchacha, na ladha yake huharibika. Kwa kuwa chama huuza kahawa ya wanachama kwa pamoja, usiku mmoja wa uzembe huweza kushusha daraja na bei kwa wote, hata kwa yule aliyechuma vizuri. Kwa sababu hiyo injini ndogo ya petroli inayozungusha mashine ya kumenya, ijapokuwa kuukuu, yastahili kutunzwa kama sanduku la fedha.

Mara nyingi injini ikigoma, kamba huvutwa mpaka mikono ichoke, kisha mtu hutumwa Tunduma kununua kabureta au plagi mpya. Siku hupita, fedha ya chama hutumika, na injini huendelea kunyamaza. Kosa si la muuza vipuri. Kosa ni kununua dawa kabla ya kuujua ugonjwa.

Injini hiyo huhitaji mambo manne: petroli safi, cheche, hewa, na mgandamizo ndani ya silinda. Yafaa yachunguzwe moja baada ya jingine.

Kwanza ni petroli. Injini iliyolala ghalani masika yote huwa na petroli iliyochakaa, pengine na maji chini ya tangi. Imwagwe yote, itiwe mpya. Kamba ivutwe mara kadhaa, kisha plagi ifunguliwe. Ikiwa kavu, petroli haifiki. Likaguliwe bomba, kisha kabureta, ambamo petroli iliyokauka huacha ulimbo unaoziba kijitundu cha kupitishia mafuta. Kijitundu hicho kioshwe kwa petroli safi na kupulizwa kwa pampu ya baiskeli. Kisichokonolewe kwa waya mgumu, maana kikipanuka injini itakunywa petroli kupita kiasi.

Pili ni cheche. Plagi ikiwa imelowa, petroli inafika lakini haiwaki. Ikaushwe, irudishwe katika waya wake, na chuma chake kigusane na mwili wa injini, mbali na petroli yoyote. Kamba ikivutwa kivulini, cheche ya buluu ionekane. Isipoonekana, ijaribiwe plagi nyingine iliyo nzima, kisha uchunguzwe waya wa swichi ya kuzimia. Injini nyingine hukata cheche zenyewe oili inapopungua. Kwa hiyo oili ipimwe mapema, injini ikiwa mahali tambarare.

Tatu ni hewa. Vijiji vingi vya Mbozi viko juu ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi. Kwa kila mita 300 za mwinuko injini hupoteza karibu asilimia 3.5 ya nguvu yake. Chujio la hewa likijaa vumbi huongeza udhaifu huo. Moshi mweusi na plagi yenye masizi makavu ndizo dalili zake. Chujio la sponji huoshwa kwa sabuni; la karatasi hukung'utwa au hubadilishwa.

Injini ikiwaka, kisha ikazimika baada ya dakika chache, kifuniko cha tangi kilegezwe. Ikiendelea kunguruma, basi tundu la pumzi la kifuniko limeziba. Tiba yake haina gharama.

Nne ni mgandamizo. Kamba ikivutika kwa wepesi bila upinzani, huenda vali au ringi za pistoni zimechakaa. Hapo fundi aitwe, na hapo safari ya Tunduma ina maana. Kifaa cha zamani kichukuliwe kikalinganishwe na kipya.

Springi ya kudhibiti mwendo isifungwe waya ili kuongeza kasi, kwani injini huweza kupasuka. Petroli isitiwe injini ikiwa na moto. Mkono usiingie katika mashine kabla waya wa plagi haujachomolewa.

Msimu ukiisha, tangi limwagwe na injini iachwe iwake mpaka petroli ya kabureta iishe. Oili ibadilishwe. Kisha katibu aandike katika daftari tarehe, hitilafu, tiba na gharama. Makatibu hubadilika, injini hubaki. Atakayepokea ofisi mwakani atakuta daftari limekwisha kumjibu nusu ya maswali yake, kabla kahawa ya wanachama haijachacha.