Baada ya Shule, Je?



Wazazi wetu na ndugu zangu vijana, zama za Mtume (S.A.W.) mjini Madina, Bilali aliadhini kungali usiku. Waislamu wakaambiwa waendelee kula na kunywa mpaka wasikie adhana ya Ibn Ummi Maktum. Naye alikuwa kipofu! Hakuiona alfajiri, watu walimwambia kumekucha, ndipo akaadhini. Mji mzima ulianza saumu kwa sauti yake.

Tazameni vizuri. Alisaidiwa katika lile asiloliweza, kisha akaachiwa kazi yake.

Sisi je? Kijana wetu mwenye ulemavu akimaliza shule, twamketisha barazani, twampa futari na sadaka, basi. Mamake halali usiku akijiuliza: "Nikifa mimi, nani atamwangalia?" Swali hilo lisingoje siku ya kufunga shule. Lianze kujibiwa akiwa na miaka 13 au 14.

Mzazi, mpe kazi ya nyumbani aifanye mwenyewe, hata akichelewa. Akanunue sukari dukani na ahesabu chenji. Apande matatu nawe, halafu siku nyingine umfuate kwa mbali tu. Mfundishe twahara na mambo ya kubaleghe kama unavyowafundisha nduguze. Na umuulize: wewe wataka kazi gani? Wengi hatujawahi kuwauliza.

Akitimiza miaka 18, achukue kitambulisho kama wenzake. Aandikishwe pia na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Tangu 2013 serikali imetenga asilimia 30 ya zabuni zake kwa vijana, kina mama na wenye ulemavu. Lakini asiye na karatasi ataombaje?

Nanyi vijana wenzangu, mwenye cherehani, mwenye duka, mwenye gereji, mchukue mmoja akae nawe saa mbili kila siku ajifunze. Na Ramadhani hii, mkigawana kazi za futari msikitini, naye apewe yake: apange tende, ahesabu sahani, akaribishe wageni. Akikosea, mwelekezeni. Msimpokonye.

Sadaka ya chakula humalizika magharibi ile ile. Kumfundisha mtu kazi kutamfaa hata siku mamake hayupo.

Mola atutakabalie saumu zetu. Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum.