Marando Mapya au Matunzo Mazuri? Mazungumzo na Vikundi vya Vanila Nyakatuntu

(Mada iliyotolewa na Ofisi ya Uratibu wa Miradi ya Dayosisi katika semina ya vikundi vya wakulima, Nyakatuntu)



 Tunajua wengine mmeacha kahawa juani mkaja kutusikiliza, nasi tutajitahidi tusiwacheleweshe. Gari letu lilipoingia, baadhi yenu walizunguka nyuma kutazama kama tumeleta marando ya vanila. Hatukuleta. Hatukusahau, bali tuliamua hivyo, na mada ya leo ni kueleza sababu.

Tuanze na mmea wenyewe. Vanila ni ndugu wa maua yaitwayo okidi. Okidi nyingi hupendwa kwa uzuri wa maua yake tu, lakini vanila hutupatia zao la biashara. Asili yake ni Meksiko na nchi jirani za Amerika ya Kati. Huko kwao wapo wadudu wanaolichavusha ua lake. Huku kwetu hawapo, hivyo kazi hiyo hufanywa kwa mkono wa mtu, ua moja baada ya jingine.

Ipo habari ya kweli inayotufundisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1820 marando ya vanila yalipelekwa katika kisiwa cha Réunion, wakati huo kikiitwa Bourbon, katika Bahari ya Hindi. Yalishika vizuri, yakatambaa na kuchanua. Lakini kwa takriban miaka 20 wenye mashamba hawakupata mavuno ya maana, kwa kuwa hawakujua namna ya kulitunza ua. Mwaka 1841 kijana mtumwa wa miaka 12, Edmond Albius, aligundua njia rahisi. Alitumia kijiti chembamba kuinua kile kiwambo kidogo kinachotenganisha sehemu ya kiume na ya kike ndani ya ua, kisha akazigandamiza pamoja kwa kidole gumba. Kabla karne ya 19 haijaisha, kisiwa kile kilikuwa kimeipita Meksiko kwa uzalishaji. Njia ya kijana yule ndiyo tunayotumia mpaka leo. Yeye mwenyewe aliachwa huru mwaka 1848, lakini alikufa maskini mwaka 1880. Tunamtaja kwa heshima, kwa sababu miaka 20 ya kuwa na mmea haikuzaa kitu, na maarifa ya mtoto mmoja yakazaa.

Ndugu wajumbe, sasa tujitazame sisi. Kabla ya semina hii tulitembea kibanja kwa kibanja. Tuliyoyaona yalitufurahisha na kutuhuzunisha. Karibu kila kaya ina vanila. Aidha, karibu kila kaya ina parachichi mpya, pasheni mpya na migomba ya aina mpya. Lakini tulipouliza, "Vanila hii umeivuna mara ngapi?" wengi walicheka tu.

Mama mmoja mjane alituonyesha mahali alipopanda marando 40 baada ya kuuza mbuzi wake wawili. Aliyapanda yote siku moja, mahali maji yanapotuama wakati wa masika, na mizizi ikaoza. Yalibaki manne. Tulipomtembelea mara ya kwanza alituuliza, "Wanangu, mtaniletea mengine lini?" Nasi tukamletea mengine 30. Hatukukagua udongo wala hatukumwuliza yale ya kwanza yalikufaje. Hayo 30 nayo yakaoza palepale. Kosa hilo ni letu. Katika taarifa zetu tuliandika idadi ya marando yaliyogawiwa na idadi ya kaya zilizofikiwa, wala hatukuandika ni mangapi yaliyozaa. Tulijipima kwa kugawa, na ninyi mkajifunza kutoka kwetu kujipima kwa kupokea. Tumekwisha kumwomba radhi mama yule, na leo tunawaomba radhi ninyi nyote.

Si mbali na hapo yupo mzee mwenye marando saba tu. Mwaka wa kwanza wa kuchanua alichavusha maua tisa, yote yakaanguka. Hakuomba marando mapya. Alikaa chini ya mmea asubuhi baada ya asubuhi, akajifunza. Mwaka uliofuata alivuna. Anayo daftari lenye tarehe ya kila kichala alichokichavusha. Tulipomwuliza kwa nini haongezi shamba, alijibu kwamba ua halimngoji mtu, na mikono yake ni miwili.

Tuseme basi kutunza vizuri maana yake nini. Kwanza, ni mahali. Vanila hutaka udongo usiotuamisha maji, wenye mboji na matandazo ya kutosha, na kivuli cha nusu. Mti wa kuegemea, kama mbono au glirisidia, upandwe mapema, uwe umeshika kabla ya rando kuletwa.

Pili, ni kupanda kwa subira. Rando la urefu wa mita moja hivi huachwa kivulini kama wiki moja ili mahali lilipokatwa pakauke, kisha hulazwa juu juu, si kufukiwa shimoni kama mgomba. Likipanda juu ya mti huzungushwa na kushushwa, libaki kwenye kimo cha mkono. Maua huanza baada ya miaka mitatu hivi.

Tatu, ni uchavushaji. Ua hufunguka asubuhi na kunyauka siku hiyo hiyo. Lililochavushwa vizuri hung'ang'ania kwenye kichala, lisilochavushwa huanguka baada ya siku moja au mbili. Tusichavushe maua yote. Manane hadi kumi katika kichala yanatosha, la sivyo mmea huchoka na matunda huwa mafupi.

Nne, ni kungoja. Tunda huhitaji kama miezi tisa kukomaa. Anayechuma mapema kwa kuogopa wezi, au kwa kushawishiwa na mchuuzi, huuza maji. Hata likikomaa bado kuna kulichovya katika maji ya moto, kulifunika litoke jasho, kulianika na kulihifadhi kwa miezi kadhaa. Kilo tano hadi sita za matunda mabichi hutoa kilo moja tu iliyokauka.

Kazi yote hiyo haiwezekani kwa mtu mwenye marando 200 na mazao mengine kumi aliyoyapokea mwaka huohuo. Wahenga walisema, mshika mbili moja humponyoka.

Tena kila kigeni kinachoingia kibanjani chaweza kuingia na mgeni mwingine. Hatujasahau mwaka 2006, mnyauko wa migomba ulipogunduliwa mkoani kwetu, katika Wilaya ya Muleba. Ugonjwa ule husafiri kwa miche yenye maambukizi, kwa panga lisilosafishwa na kwa wadudu. Vanila nayo ina ugonjwa wa kuoza mizizi ambao husafiri ndani ya rando na kukaa udongoni. Ukipokea rando bila kujua limetoka shamba gani, huenda umepokea kifo cha yale uliyo nayo.

Hata hivyo, hatusemi kwamba mapya ni mabaya. Wako waliotuuliza, na swali lao ni la haki: "Tukibaki na yale ya zamani tu, tutaendeleaje?" Vanila iliyoenea katika visiwa vya Bahari ya Hindi na kwingineko ilitokana na marando machache. Mimea hiyo ni kama mapacha, hivyo ugonjwa unaoumiza mmoja huweza kuumiza wote. Kuwa na mimea kutoka mashamba mbalimbali yaliyokaguliwa ni busara. Pia si busara kutegemea zao moja. Bei ya vanila ilipanda sana mwaka 2003, ikaanguka kufikia 2005. Ikapanda tena miaka ya 2017 na 2018, baada ya kimbunga Enawo kuipiga Madagaska Machi 2017, kisha ikaanguka tena. Waliopanda kwa pupa bei ikiwa juu walivuna ikiwa chini. Waliokuwa tayari na mimea michache iliyotunzwa ndio walioikuta bei nzuri. Kwa hiyo kahawa, migomba na maharage visiondolewe kupisha vanila.

Ndugu zangu, tunapendekeza mambo matatu, nanyi mtayajadili katika vikundi baada ya chakula.

Moja, msimu huu ofisi haitagawa marando kwa kaya ambayo haijavuna. Badala yake bwana shamba atakuja asubuhi wakati wa kuchanua, tujifunze kwenye mmea wenyewe.

Mbili, kila kikundi kiwe na kitalu kimoja kilichokaguliwa. Aliyevuna kutoka marando yake ya kwanza ndiye atakayeongezewa mengine, kwa idadi ambayo mikono ya nyumbani kwake inaweza kuichavusha. Atakayepewa naye amfundishe jirani mmoja.

Tatu, kila mmoja awe na daftari: tarehe ya kupanda, rando limetoka wapi, tarehe ya kuchavusha, na kilichokufa kimekufaje. Nasi ofisini tutaandika taarifa zetu upya, tukihesabu vinavyozaa.

Tunajua uamuzi huu hautawapendeza wote. Pengine wengine watahama na kwenda kwenye miradi inayogawa. Tungependa kubaki na vikundi vichache vinavyovuna kuliko kuwa na vingi vinavyopokea. Yule mama mjane, tumekubaliana naye, ataanza upya na marando yake manne. Tumeyahamishia mteremkoni, chini ya mbono, na yule mzee mwenye marando saba ameahidi kumfundisha. Siku atakapochavusha ua lake la kwanza tutakuja kuona. Hatutakuja na marando, tutakuja na daftari.