Ada Ilifutwa, Gharama Zikabaki

Tangu Januari 2016, Tanzania ilipoanza kutoa elimu bila ada hadi kidato cha nne, wapo wanaosema kwamba binti anayeacha shule siku hizi hawezi kusingizia umaskini. Ni kweli, ada ya sekondari ya kutwa, shilingi 20,000 kwa mwaka, haipo tena. Lakini ichukue fomu ya kujiunga na kidato cha kwanza katika shule nyingi za kata, uisome mstari kwa mstari: sare, viatu vyeusi, sweta, madaftari, rimu ya karatasi, jembe, fagio, ndoo. Nje ya fomu kuna mchango wa chakula cha mchana, nauli kwa anayekaa mbali, na taulo za kike kila mwezi. Orodha hiyo inafika Januari, wakati kaya nyingi za wakulima zimebakiwa na madebe machache ghalani na mahindi mapya bado yako shambani. Hapo mzazi mwenye watoto watatu wa kuwavalisha huamua nani asubiri, na mara nyingi anayesubiri ni binti mkubwa.

Ruhusa ya kurudi ipo. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, wakiwemo waliopata ujauzito, wanaweza kurejea, na Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka huo ukaweka utaratibu. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima nayo ina njia mbadala ya kumaliza masomo ya kidato cha kwanza hadi cha nne kwa miaka miwili, njia inayomfaa binti wa miaka 18 anayeona haya kukaa dawati moja na watoto. Hizi ni hatua kubwa na waliozipigania wanastahili heshima. Ila aliyeacha shule kwa umaskini hajakaa tu akingoja kuruhusiwa. Anafanya kazi za ndani mjini, anaosha vyombo kwa mama lishe, au analea wadogo zake mama akiwa kibaruani. Kile kidogo anachotuma kwa simu mwisho wa mwezi kimeshapangiwa matumizi nyumbani: mbolea, dawa za bibi, sare ya mdogo wake. Akirudi darasani, kaya inabeba gharama za shule na papo hapo inapoteza kipato. Mpango unaomnunulia sare na mkoba, kisha ukapiga picha na kuondoka, haujagusa hilo la pili, na hilo ndilo linalomtoa tena shuleni kabla mwaka haujaisha.

Wilayani Zomba, Malawi, njia ya kufidia kipato hicho kwa fedha ilipimwa kuanzia mwaka 2008. Wasichana ambao hawajaolewa, wakiwemo waliokwisha kuacha shule, walipewa fedha kila mwezi, wengi wao kwa sharti la kuhudhuria masomo. Fungu moja lilikwenda kwa mzazi, jingine dogo mkononi mwa binti mwenyewe, na ada ya sekondari ikalipwa moja kwa moja shuleni. Miongoni mwa walioacha, kiwango cha waliorudi katika kundi lililopewa fedha kilikuwa zaidi ya mara mbili ya kile cha kundi lisilopewa msaada, na ndoa za mapema zikapungua. Tusiongeze chumvi: walipofuatiliwa miaka ya baadaye, elimu yao ilikuwa imepanda na idadi ya watoto waliowazaa imepungua, lakini ajira na kipato havikupanda. Fedha ilimrudisha binti darasani, jambo ambalo ruhusa peke yake haikuwa imeliweza. Kazi baada ya shule inahitaji mipango mingine.

Wapo watakaouliza kama si dhuluma kumlipa aliyeacha wakati jirani yake amevumilia hadi leo bila kulipwa. Hoja hii ina uzito, na dawa yake ni kumfikia pia huyo jirani kabla hajakata tamaa, kwani ni rahisi zaidi kumbakiza binti shuleni kuliko kumrudisha. Kumwacha aliyekwisha kuanguka hakumfaidishi aliyesimama. Wengine wanahofu kwamba baba atainywa fedha hiyo. Ndiyo sababu sehemu iende kwa binti mwenyewe na nyingine shuleni.

Na fedha itoke wapi? Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, tayari unazijua kaya maskini kijiji kwa kijiji, na ruzuku yake ya elimu huwafuata watoto wanaohudhuria shule. Aliyeacha yuko nje ya hesabu hiyo, na hapo ndipo pa kuanzia: ofisa elimu kata na mtendaji wa kijiji wapite kaya hizohizo, waandike mabinti waliotoka na sababu zao, kisha malipo ya kurejea yatolewe Desemba, kabla ya fomu za Januari.