Uzi Mmoja, Karibu Kilomita

Waliotazama Sholay, filamu ya mwaka 1975, wanaikumbuka milima ile ya mawe. Iko Ramanagara, kilomita 50 hivi kutoka Bengaluru, India. Wafanyabiashara, hata hivyo, wanaujua mji huo kwa kitu kingine: soko la vifukofuko vya hariri.

Anayeupa mji huo riziki ni kiwavi. Hula majani ya mforsadi usiku na mchana kwa siku 25 hivi, hujivua ngozi mara nne, na uzito wake huongezeka takriban mara 10,000. Anayeingia chumba cha ufugaji wakati wa mlo husikia mchakacho, kama manyunyu juu ya makuti.

Kisha kiwavi huacha kula. Kwa siku mbili tatu huchezesha kichwa kwa umbo la nane, akitoa uzi unaomzunguka. Kifukofuko kimoja, kidogo kuliko yai la kuku, huweza kubeba uzi usiokatika wa mita 900.

Utamu wa hariri una ukatili wake. Ndani ya kifukofuko kiwavi hugeuka nondo, na nondo akitoboa njia ya kutokea, uzi hukatika vipande vipande. Kwa hiyo huuawa mapema kwa mvuke au joto. Maji moto hulegeza gundi inayoushika uzi, mfanyakazi hutafuta ncha, kisha nyuzi za vifukofuko kadhaa huunganishwa, maana mmoja ni mwembamba mno. Sari moja humeza maelfu ya vifukofuko.

Wapo wanaonunua hariri ya ahimsa, ambayo nondo wake huachwa atoke kwanza. Kuruka, lakini, hawezi: maelfu ya miaka ya kufugwa yamemnyima uwezo huo.